Masaa Matatu Mpaka Seoul

Sisi watu wa Yarmag, hapa pembeni mwa Ulaanbaatar, hatuulizi mtu atafika lini. Mwulize dereva wetu "tutafika saa ngapi?" uone atakavyokunja uso na kuzima redio. Njia ina masikio, na ukijipangia nayo inakupangia. Vijana wa siku hizi wanacheka wakisikia hivyo, nasi tunawaacha wacheke, maana hawajawahi kumchimbua mtu kwenye theluji.

Dulmaa amewahi. Alikuwa na miaka tisa, kwao jangwani Gobi, baba yake alipotandika farasi akasema, "Kesho adhuhuri nitakuwa hapa, mniwekee supu." Walimwekea. Siku ya kumi na moja ndipo walipomkuta, hatua chache tu kutoka zizi la mbuzi, na yule farasi kamlalia miguuni. Mama naye akafuata mwaka wa pili, kwa kifua. Tangu hapo mtoto yule hakutaja tena saa ya kufika popote, awe yeye ndiye msafiri au mwingine. Alilelewa na shangazi asiyempenda, akamalizia bwenini, na alipofikisha miaka kumi na minane akaja mjini Ulaanbaatar kushona majoho kiwandani. Mkono wake ulikuwa mzuri. Kiwanda kilipokufa yeye aliendelea na cherehani yake mwenyewe, katika kichumba cha kukodi kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na wanawake wa mjini walikuwa wakivuka daraja kumfuata.

Akiwa na miaka ishirini na saba akaolewa na Namjil, dereva wa lori. Namjil alikuwa na sura na alikuwa na mdomo. Kazi ndiyo alikuwa akiitafuta. Wanaomjua Dulmaa watakwambia kwamba kwa kweli hakuolewa na Namjil, aliolewa na mama yake. Siku ya harusi Bi Dolgor alimpa bakuli la kwanza la chai, akamshika kidevu, akasema, "Mimi Mbingu ilininyima binti. Leo imenikumbuka." Dulmaa alilia mpaka chai ikapoa. Hakuna mtu aliyekuwa amemshika kidevu tangu mama yake afe.

Na Bi Dolgor alimtunza, tusimsingizie. Alimfundisha kukanda unga wa buuz, yale maandazi ya nyama ya kupikwa kwa mvuke, mpaka unga ukawa mwembamba bila kutoboka, akamsuka nywele Jumamosi, na Dulmaa alipougua nimonia akakaa naye hospitalini siku sita akilala kwenye kiti. Ndiyo maana Namjil alipopata kazi Seoul, katika kiwanda cha milango, lilikuwa jambo la kawaida mama kuhamia kwenye ua wa Dulmaa, ua aliogawiwa na kiwanda enzi zile. Ndani ya uzio wa mbao kulikuwa na nyumba moja ya hema, jiko la makaa katikati, kitanda cha mama kulia, kitanda cha Dulmaa kushoto.

"Mwaka mmoja tu," Namjil alimwambia. "Nikipata chumba cha maana nakuita. Na mtoto tutamzalia hukohuko, hospitali zao unaweza kula sakafuni."

Dulmaa alikuwa na miaka thelathini na tatu. Akasubiri. Mwaka wa pili ikawa mwakani, na wa tatu ikawa mwakani. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu anasubiri kwa sababu ana matumaini. Huyu sasa alikuwa na arobaini na moja, na alikuwa akisubiri kwa sababu amezoea. Namjil alikuja mara mbili kwa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya ya Mwezi Mweupe na ile ya Naadam kiangazi, akikaa siku kumi, amenenepa, amebeba soksi, vipodozi na viatu vya Kikorea. Mimi nilishaviona viatu vya aina ile vimejaa tele soko la Narantuul, lakini nani aliniuliza?

Siku ya kuondoka ilikuwa na utaratibu wake. Dulmaa alisimama langoni na kijiko cha mbao chenye vishimo tisa, akayarusha maziwa nyuma ya teksi ili njia iwe nyeupe. Kisha akabaki hapohapo. Alipotaka kumsindikiza mumewe mpaka uwanjani, mara ya kwanza ile, Bi Dolgor alimkamata mkono.

"Mke havuki lango siku ya safari, mwanangu. Akimfuata mume anamvuta nyuma, ndege inayumba."

Mimi nimezaliwa mji huu na sijawahi kuisikia mila hiyo. Lakini Dulmaa, ukimtajia jambo lolote lenye harufu ya nuksi barabarani, anarudi ndani mbiombio na kufunga mlango. Na nani angembishia Bi Dolgor habari za mila?

Mwaka huo Mwezi Mweupe uliangukia Februari, baridi ikiwa imekaza. Namjil aliondoka Alhamisi asubuhi. Maziwa yaligandia hewani. Dulmaa akarudi ndani, hakufagia, maana nyumba haifagiliwi msafiri akiwa njiani, akakaa na kushona vifungo. Redio ilipopiga mlio wa habari za saa sita, simu ikaita, namba haionekani, kama kawaida ya simu za kutoka nje.

"Nimefika, mke wangu. Niko chumbani kwangu, nimevua viatu. Huku kwao baridi ni ya kitoto."

"Mbingu imekulinda," akasema Dulmaa, na roho yake ikatulia. Bi Dolgor, kule kitandani kwake, akapunguza sauti ya redio ili mkwe asikie vizuri.

Jumamosi alikuja Uyanga dukani kujaribu joho. Huyu Uyanga ni binti wa miaka ishirini na sita, anakata tiketi pale uwanja wa ndege, mdomo hauna breki. Alisimama juu ya kigoda, hariri ya kijani imejaa pini.

"Dada Dulmaa, kifuani usinibane. Wiki ijayo nasafiri, nitakula mpaka nipasuke."

"Haya, nimeacha vidole viwili," Dulmaa akasema, na hakuuliza anakwenda wapi.

"Huniulizi? Seoul! Kazini wametupa tiketi za bure. Nakwenda kuosha macho siku nne. Tena karibu, dada, kilomita elfu mbili tu. Masaa matatu. Unakaa, unaletewa kuku na wali, hujamaliza kupangusa mdomo unaambiwa funga mkanda tunatua."

"Usitaje."

"Nisitaje nini?"

"Masaa. Unasafiri wewe."

"Aa, dada, na wewe! Ratiba imebandikwa ukutani kubwa kama mlango. Inaondoka saa nne asubuhi, inatua saa saba mchana kwa saa zetu. Mimi naitangaza kila leo kwenye kipaza sauti, na mlima haujanila."

Dulmaa aliendelea kubandika pini. Alibandika tatu. Ya nne ikamwingia kidoleni, akakinyonya kile kidole, akatazama ukutani mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Saa saba," akasema.

"Saa saba. Upepo ukiwa mzuri, saa saba kasoro kidogo."

"Na juzi? Alhamisi iliondoka saa ngapi?"

Uyanga alimtazama kutoka juu ya kigoda. Miaka minne alikuwa akishonewa pale na hajawahi kumsikia mwanamke yule akiuliza saa ya safari.

"Alhamisi ilichelewa hata. Walikuwa wanaparua barafu kwenye mabawa. Saa nne na nusu. Kwani vipi?"

"Mume wangu alikuwemo. Alinipigia simu kusema amefika. Saa sita."

"Saa sita ya wapi?"

"Ya redio yangu."

Uyanga akacheka. "Basi alikupigia yuko juu ya China, anamgojea kuku. Haiwezekani, dada. Mle ndani hata rubani hampigii mkewe." Kisha akaona uso wa Dulmaa, kicheko kikamkauka. "Labda alipanda ndege nyingine."

"Alhamisi kuna ngapi?"

Binti wa watu alijiuma mdomo. Akashuka kigodani taratibu, pini na joho na vyote, akasema kwa sauti ndogo, "Ni moja tu, dada."

Dulmaa alimvua joho, akalikunja, akamwambia aje Jumanne. Akafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Njia nzima alimtetea mumewe. Pengine redio ilikosea. Pengine saa za Wakorea zinakwenda nyuma, siyo mbele. Pengine alisema "nimefika" akimaanisha nimefika kwenye kiti. Lakini alisema amevua viatu! Hapo utetezi ukamwishia. Miaka minane mtu anadanganya, na hakujisumbua hata kutafuta urefu wa safari anayoidanganya, kwa sababu alijua nyumbani kwake hakuna atakayeupima. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akawa anashukuru kwa mafuta. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Hii ya Namjil ilikuwa fupi kwa saa moja na nusu.

Lakini moyoni alikuwa na kimbilio, na alikuwa akikimbilia huko. Alimtaka mama. Alitaka kuingia, kuweka kichwa kwenye magoti ya Bi Dolgor, asikie, "Si kweli, mwanangu," au kama ni kweli, asikie, "Huyo si mwanangu tena." Lolote kati ya hayo mawili lingemtosha.

Akamkuta bibi anachanganya chai kwa upawa, anaimwaga kutoka juu na kuichota tena, chumvi imeshatiwa. Dulmaa hakuvua hata kofia. Akaeleza yote: ndege moja, saa nne na nusu, masaa matatu, simu ya saa sita.

Bi Dolgor akaweka upawa chini.

"Nani amekwambia?" akauliza.

Jamani. Mtu aliyeshtuka huuliza "ni kweli?" Mtu aliyeshtuka huuliza "unasema nini?" Dulmaa alisimama pale kati ya jiko na mlango.

"Sijaambiwa, mama. Nimekwambia saa hazilingani."

Bibi akaanza kuzivuta shanga zake za sala, moja moja.

"Yuko wapi?"

"Kunywa chai kwanza, mwanangu. Umetoka kwenye baridi."

"Mama. Yuko wapi?"

"Mtaa wa Kumi na Tatu."

Dulmaa aliujua Mtaa wa Kumi na Tatu. Ni magorofa ya upande wa mashariki, kilomita kumi na mbili kutoka langoni kwake. Mwezi wa kumi alikwenda huko kupeleka joho la bibi harusi, akala supu kwenye kibanda, akarudi.

"Seoul alikwenda kweli," Bi Dolgor akasema harakaharaka. "Usidhani hakwenda. Alikaa miezi saba, wakamkamata hana karatasi, wakamrudisha. Akaona haya kuja kwako mikono mitupu."

"Haya za miaka saba?"

"Ndipo akampata yule mwanamke. Ana kibanda cha viatu Narantuul. Akasema atakueleza, mwakani atakueleza. Kisha akazaliwa mtoto."

"Mtoto."

"Wa kiume. Ana miaka mitano." Na hapo, Mbingu imsamehe, uso wa bibi ulilainika kidogo alipomtaja.

Dulmaa aliliona lile. Akaona na mengine: Jumapili zote ambazo mama huyu alijifunga mshipi wake mzuri, akachukua mfuko wa jibini kavu, akasema anakwenda hekaluni kuzungusha magurudumu ya sala.

"Na hekaluni kila Jumapili?"

"Nilikuwa napita," bibi akasema. "Nikirudi, nilikuwa napita kweli."

"Na mke asivuke lango?"

Bi Dolgor akatazama shanga. "Hiyo niliitunga."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa ndiye aliyemfunga vifungo. Dulmaa alishangaa jinsi Namjil alivyokuwa mwepesi moyoni mwake dakika ile. Mume angeweza kumlilia juma moja, akamtukana mbele ya majirani, akamaliza. Lakini alikuwa na mama mmoja aliyezikwa Gobi na mmoja aliyekaa hapo kwenye kitanda cha kulia, na huyu wa kitandani alikuwa akimtazama Dulmaa kila Mwezi Mweupe akihesabu miaka, akimwambia mume "mwakani, eti?", naye alikuwa akijua, naye alikuwa akimmiminia chai.

"Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mama," akasema. Sauti haikupanda. "Ningeweza kuzaa na mtu mwingine yeyote."

"Najua."

"Unajua?"

"Ningekwambia, ungeondoka!" Bibi alipiga goti lake kwa kiganja, na machozi yakaanza. "Ungeniacha na nani? Yule mwanamke hanitaki, kaniambia usoni vyumba vyake ni viwili. Nani angeniwashia moto alfajiri? Nani angenikanda mgongo? Mwanangu wa tumbo alishanipotea, Dulmaa. Nikasema huyu wa pili simpotezi. Nilikupenda. Mpaka leo nakupenda, unajua nakupenda."

Alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Dulmaa aliujua upendo ule, aliishi ndani yake miaka kumi na minne, akapata joto. Kumbe gharama yake ilikuwa ikitoka kwake mwenyewe, mwaka kwa mwaka.

"Nipe namba yake," akasema.

Bibi akaingiza mkono ndani ya joho, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Dulmaa akapiga. Nyuma ya sauti ya mumewe ilisikika televisheni na mtoto anayedai maji.

"Haloo?"

"Namjil, kazi ya milango imekwisha. Njoo umchukue mama yako."

"Nani... Dulmaa? Dulmaa, niko zamu, msimamizi yuko hapa, nikup..."

"Mpe mtoto maji kwanza, analia. Halafu uje. Nakupa masaa matatu."

Akakata. Kisha akafungua sanduku jekundu la bibi, akaanza kupanga: majoho mawili ya majira ya baridi, kofia ya manyoya ya mbweha, dawa za presha, miwani, bakuli la fedha la marehemu baba mkwe lililofungwa kwa kitambaa cha samawati. Alikunja kila kitu vizuri, kwa mkono wa fundi, na hakutupa hata soksi. Bi Dolgor alilia, kisha akasema bomba la jiko linavuja moshi na lazima lizibwe kabla ya machipuko, kisha akalia tena. Dulmaa akajibu, "Nitaliziba."

Namjil alifika kwa dakika arobaini. Hakuingia ndani. Alisimama karibu na teksi, mashavu mekundu, akitazama uzio ambako majirani walikuwa wameshajipanga na kujifanya wanachanja kuni. Sikujifanya, nilisimama nikatazama.

"Mke wangu, hebu nisikilize, mambo hayako kama unavyo..."

Dulmaa alimpita na sanduku, akalitia kwenye buti la gari. Hakumtazama. Akarudi, akamshika bibi mkono kwa sababu barafu ya langoni inateleza, akamvusha hatua kwa hatua mpaka kwenye mlango wa gari, akamwachia. Bi Dolgor akageuka. Alionekana mdogo ghafla.

"Binti yangu. Hata neno moja hunipi?"

"Nenda salama, Dolgor," akasema Dulmaa.

Kuni ziliacha kuchanjwa. Huku kwetu mkwe halitamki jina la mama mkwe. Afisa wa serikali akija kuandikisha watu, mkwe humwita jirani alitaje yeye. Miaka kumi na minne Dulmaa hakuwahi kulitoa mdomoni, hata katika hasira, hata usingizini. Hata Namjil aliinamisha kichwa. Bibi alisimama ameshika mlango wa gari, akimtazama mwanamke yule kana kwamba anangoja aseme tena vingine. Hakusema vingine. Basi akaitika, "Naam," kama anavyoitika mtu yeyote akiitwa na mtu asiye wake, akaingia garini.